Jiji linunue kiwanja, lisinunue kilicho chake

Mkutano wa mtaa wetu uliitishwa saa nne asubuhi ukaanza saa tano na robo, kama ilivyo ada. Viti vya plastiki vililetwa na yule yule anayetukodishia maturubai ya misiba. Tuliokosa viti tulikaa kwenye msingi wa ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya mkungu. Ajenda ilikuwa moja tu. Nyuma ya shule ya msingi tuna uwanja, na ubavuni mwa uwanja kuna nyumba ya mzee aliyefariki mwaka juzi. Wanawe wamekubaliana waiuze wagawane urithi. Mwenyekiti akaja na wazo: tuiombe halmashauri ikinunue kile kiwanja, ikiunganishe na uwanja, tupate bustani ya kweli yenye miti, mabenchi na choo.

Bei ya warithi ilipotajwa, watu walipiga miluzi. Kijana wa bodaboda akasimama: "Jamani, watoto wanakaa chini darasani, halafu sisi tununue nyasi?" Akapigiwa makofi. Bibi mmoja akajibu kwamba watoto hao hao wanaokaa chini asubuhi ndio wanaocheza barabarani jioni, na kwamba mjukuu wake bado anachechemea tangu alipogongwa na bajaji. Naye akapigiwa makofi. Kwetu kila anayemaliza kusema hupigiwa makofi, kwa hiyo makofi hayaamui kitu.

Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Mzee wetu alikuwa mthamini. Mzee, hebu tusaidie, inafaa au haifai?" Nikasema inafaa. Nilitaka kueleza sababu, lakini mvua ikaanza, watu wakajitwisha viti kichwani, mkutano ukaahirishwa. Haya ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni.

Nilianza kazi ya uthamini wa ardhi na majengo mwaka 1986 na nimestaafu nayo. Silaha zangu zilikuwa futi kamba, fomu na kalamu. Nikitumwa kwenye kaya inayopisha barabara, naingia uani, nasalimu, naomba kuonyeshwa mipaka. Nahesabu vyumba, choo, kisima, ukuta. Nahesabu minazi na miembe, mikubwa kwa midogo. Makaburi yana utaratibu wake. Kila kitu kina safu yake kwenye jedwali, na mwishoni mwenye mali anasaini au anabandika dole gumba.

Vijana wengi hawajui kwamba nilipoanza kazi, ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya sheria. Ardhi ilikuwa ya umma, na tulifundishwa kwamba kinacholipwa ni jasho la mtu juu yake: nyumba aliyojenga, mti aliopanda. Niliweza kuupa mwembe bei, nisiupe bei udongo ulioushika. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo iliyotamka kwamba haki ya mtu katika ardhi nayo ina thamani, na kwamba anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1990, halmashauri niliyokuwa naitumikia ilinipa kazi ya kuorodhesha mali zake. Nikajaza ofisi, soko, zahanati, na magari mabovu yaliyokuwa yameegemezwa juu ya matofali. Nikafika kwenye maeneo ya wazi, ukiwemo uwanja huu wa nyuma ya shule. Kwenye safu ya thamani nikaweka kistari.

Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu kwa sheria ya wakati ule kistari kilikuwa sahihi. Lakini nimezeeka nikiyaona matokeo yake. Orodha ile ilinakiliwa mwaka hadi mwaka, na kila iliponakiliwa, mistari yenye vistari ndiyo iliyorukwa kwanza. Gari lisilo na injini lilibaki kwenye daftari kwa kuwa lilikuwa na bei. Uwanja ukatoka. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtaa wetu ni miongoni mwa ile iliyopimwa kwa mpango miaka ya 1970, enzi za mradi wa viwanja wa mkopo wa Benki ya Dunia uliozaa Sinza na Kijitonyama hapa Dar es Salaam. Waliochora ramani zile waliacha nafasi ya shule, wakaacha nafasi ya zahanati, wakaacha uwanja mkubwa wa mpira wenye njia ya kuuzunguka. Kesho yake baada ya mkutano nilikwenda kuupima kwa hatua zangu. Upande wa barabarani kuna fremu saba: wakala wa pesa, saluni, duka la vipodozi, fundi simu, genge, stoo ya saruji, na ya mwisho ni gereji bubu inayomwaga oili chafu pale palipokuwa kona ya kupigia mpira. Uwanja umebaki hatua 62 kwa 40. Siku hizi watoto wanacheza kwa upana, magoli ya mianzi, na winga wa kushoto anakimbia huku bega likikwaruza ukuta wa nyuma wa saluni. Mpira ukipanda juu ya bati la stoo, kurudishiwa ni shilingi mia tano. Watoto wameshaanzisha mchango wa kudumu kwa ajili hiyo.

Mwenye fremu hizo alikuwepo mkutanoni. Ni mtu mpole, anachangia misiba. Mwenyekiti alipotaja ununuzi, akanyanyua mkono: "Kama mnanunua cha wenzangu, mnunue na changu. Nina leseni, nalipa kodi ya jengo, risiti hizi hapa." Na kweli risiti zilikuwapo, zimepangwa vizuri kwenye bahasha ya kaki.

Hapo ndipo ninapoomba tusimame. Swali la kama mji ununue ardhi kupanua bustani lina majibu mawili, na tukiyachanganya tutaharibu yote. Kiwanja cha warithi kina hati, kina mwenyewe, na mwenyewe anataka kuuza. Hicho kinunuliwe. Fremu zimesimama juu ya ardhi ambayo ni ya umma tangu ramani ya kwanza. Hizo zisinunuliwe, kwa sababu mji ukimlipa mtu bei ya uwanja aliouvamia, utakuwa umenunua mali yake wenyewe, na utakuwa umewatangazia wengine bei ya kuvamia. Risiti ya kodi ya jengo inathibitisha kwamba jengo lipo na kodi yake imelipwa. Haisemi ardhi ni ya nani. Najua inauma mkono mmoja wa serikali ukipokea kodi huku mwingine umekunja ramani kabatini, na lawama hiyo iende kwa serikali. Lakini kosa la karani halihamishi mpaka.

Wapangaji wa fremu ni habari nyingine. Dada wa saluni alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hajui kitu kuhusu ramani. Huyo apewe muda wa kutosha, na bustani ikishakamilika apewe kipaumbele kwenye vibanda vichache vitakavyojengwa pembeni, kodi yake ikalipe mtunza bustani. Bustani isiyo na mtu wa kufagia na kumwagilia hugeuka jalala kabla miche haijafika magotini.

Sasa nirudi kwa kijana wa bodaboda, maana hoja yake ndiyo nzito. Pesa ni moja, matundu ni mengi. Kwa nini nyasi kabla ya madarasa? Namjibu kama mthamini. Darasa linaweza kupanda ghorofa, na shule kadhaa za jiji hili zimeshafanya hivyo. Uwanja haupandi ghorofa. Tena darasa unaweza kulijenga mwaka huu au mwaka ujao kwa matofali yale yale, lakini kiwanja kilichopakana na uwanja kinauzwa mara moja katika kizazi. Mji usiponunua leo, atanunua mwenye gesti au mwenye yadi ya magari, na dalali ameshaanza kuleta watu. Akishajenga ghorofa nne, mji ukitaka ardhi ile baadaye utalipia ardhi pamoja na ghorofa zote nne.

Na hautalipia hivyo tu. Watu wengi wanadhani fidia ni bei ya nyumba. Kanuni za fidia za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu. Zinaongeza posho ya makazi, yaani kodi ya pango ya miezi 36. Zinaongeza usafiri wa tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Mfanyabiashara analipwa na faida aliyoipoteza. Nimeyajumlisha hayo mara nyingi, na nimeona mradi wa barabara unavyoweza kumaliza pesa kwenye fidia kabla tingatinga halijawashwa. Muuzaji aliyekuja kwa hiari yake hana hata moja ya posho hizo. Warithi wale wanataka bei ya soko na karatasi ya benki, basi. Kwa mji, hakuna ardhi rahisi kuliko ile ambayo mwenyewe amekuja kubisha hodi.

Anayedhani haya ni mambo ya mtaa mmoja ateremke Jangwani. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani na kutawanyika kabla ya kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Mto huo ulihitaji mahali pa kunyoosha miguu wakati wa masika, nasi tukajenga sebuleni mwake. Hata kituo cha mabasi ya mwendokasi tulikiweka humo humo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua 40 jijini, walionusurika bondeni wakapewa viwanja Mabwepande, na wengine wakarudi. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja alama za X nyekundu na matingatinga, bila fidia, kwa hoja kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bado wengine wakarudi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, na safari hii wakazi wakathaminiwa na kulipwa wapishe, eneo la chini lije kuwa bustani ya jiji.

Mimi nalihesabu hivi: eneo lile lile tumelilipia mara tatu, kwanza kwa roho za watu, kisha kwa nyumba zilizovunjwa, na sasa kwa mkopo. Malipo ya tatu ndiyo pekee yaliyokuwa na jedwali. Naunga mkono malipo hayo. Ninachosema ni kwamba yalipaswa kuwa ya kwanza, siku zile bonde lilipokuwa na mashamba ya mchicha na viwanja vya kuchezea chandimu.

Ardhi iliyo wazi ina balaa moja: machoni pa mwenye mamlaka huonekana kama ardhi isiyo na kazi. Majirani zetu wa Nairobi wanakumbuka 1989, serikali ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga kwa barua na kwa sauti, akatukanwa, na mwishowe jengo halikujengwa. Bustani ile ilimpata Maathai. Viwanja vingi vya mitaani havina Maathai, vina kistari tu.

Lakini nisije nikaonekana nauza ununuzi kama dawa ya kila ugonjwa. Jiji la New York lilipopewa idhini mwaka 1853 ya kutwaa na kulipia ardhi ya Central Park, ndani ya eneo hilo kulikuwa na Seneca Village, makazi ya Wamarekani weusi, baadhi yao wakimiliki viwanja vyao, wakiwa na makanisa na shule. Walithaminiwa na kulipwa, wengine wakilalamika kwamba wamepunjwa, na kufikia 1857 wote walikuwa wameondolewa. Miaka michache baadaye jiji likanunua tena, likasogeza mpaka wa bustani kaskazini kutoka mtaa wa 106 hadi wa 110. Leo ni vigumu kumpata mtu wa New York anayesema bustani ile ilikuwa ghali. Ila kijiji kile kilisahaulika kwa zaidi ya miaka mia moja. Mthamini akisoma habari hiyo haangalii tu walichopata waliobaki. Anatafuta safu ya walioondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza mji ununue vipi, nasema ulipe haraka. Nina nyumba moja haitoki kichwani. Niliithamini mimi, mwenyewe akaambiwa asiendeleze chochote kwa kuwa eneo litatwaliwa, na akatii. Paa lilivuja msimu wa kwanza, likavuja wa pili. Alikuwa ananiona sokoni ananiuliza, "Baba, ile karatasi yangu imefika wapi?" Sikuwa na jibu. Fidia ilipokuja, bei ya mabati ilikuwa si ile tena, na pesa iliyotosha nyumba ikatosha vyumba viwili na msingi. Sheria ya Uthamini ya 2016 imejaribu kuziba tundu hilo: fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa iwe na riba, na uthamini ukifika miaka miwili bila malipo urudiwe. Ni sheria nzuri. Inahitaji tu mweka hazina anayeiheshimu. Kama halmashauri yetu haina pesa ya kiwanja cha warithi mkononi, isiwawekee watoto wa marehemu alama ukutani. Iwaambie ukweli wauze kwingine.

Na ikishanunua, isifunge geti. Nimeona sehemu za umma zikizungushiwa ukuta, zikawekewa mlinzi na tiketi, kisha maturubai ya harusi, kisha kaunta ya bia. Hati ya kiwanja kipya iandikwe matumizi yake, uwanja wa zamani upimwe upya na uwekewe mawe ya mpaka, vyote viwili viingizwe kwenye daftari la mali kwa bei yake. Kitu kilichonunuliwa kina hati ya malipo, kina jalada, na mkaguzi wa hesabu akija anauliza kiko wapi. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutaka mji ununue, kuliko hata kivuli na mabenchi. Uwanja tuliopewa bure na wachora ramani hakuna aliyetakiwa kuutolea maelezo ulipoanza kumegwa. Kipande tutakachokitoa jasho kitaulinda na ule wa bure ulio ubavuni mwake.

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 ukafika 5,383,728. Ni watu milioni moja wameongezeka, na hakuna aliyekuja na uwanja wake begani.

Jumapili mwenyekiti alikuja nyumbani tuandike barua ya maombi kwa halmashauri. Akasema, mzee, weka na jedwali, wanapenda majedwali. Nikapiga mistari kwa rula kama zamani. Safu ya kwanza, kiwanja cha warithi: ukubwa, bei. Safu ya pili, uwanja wa shule, pamoja na sehemu zilizokaliwa na fremu: ukubwa kwa mujibu wa ramani. Nilipofika kwenye thamani, kalamu ilisimama yenyewe. Mkono unakumbuka.

Nikachukua bei ya mita moja ya mraba ya kiwanja cha jirani, nikaizidisha kwa mita za uwanja mzima. Nikarudia hesabu mara mbili, kisha nikaandika tarakimu kwa wino. Mwenyekiti akavaa miwani, akasogeza karatasi karibu na dirisha, akaniuliza kama sikuzidisha sifuri.

Sikuzidisha.